Ngwali na Usukani wa Muwa

Hapo zamani, zile zamani ambazo masultani walikuwa wamechoshwa na farasi lakini hawajachoshwa na kupigiwa magoti, palikuwa na mji uitwao Kisimachungu, na mtawala wake alikuwa Sultani Shangama. Alikuwa mnene wa mwili, mwepesi wa hasira, na mpenzi mkubwa wa kutazamwa. Basi siku moja wafanyabiashara wa mbali wakamletea pikipiki nyekundu. Sultani akaipenda kuliko wake zake, na wake zake wakamshukuru Mungu.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ni usukani. Ule uliokuja na pikipiki ulikuwa wa kawaida, na Sultani hakuona sababu ya yeye na mwuza maziwa kushika kitu cha namna moja. Akaamuru ung'olewe, na mafundi waitwe wamtafutie mwingine.

Fundi wa kwanza akaja na kamba, akaomba ruhusa ampime mabega na mikono. Sultani akafoka, "Mtu mzima aliye hai hupimwa kwa kamba? Huyo ni maiti anayechimbiwa kaburi! Asinipime mtu, wala asiniguse." Na kweli, hata mshonaji wake alimkadiria kwa macho kutoka mlangoni, ndiyo maana kanzu zake zingetosha kufunika ng'ombe na ndama wake. Basi fundi akakisia, akafunga usukani mfupi ulioshuka chini. Sultani alipopanda ikambidi ainame mpaka ndevu zikalala juu ya tangi, na alipokata kona usukani ukambana vidole gumba hapo hapo kwenye tangi. Akapiga kelele, "Mimi nimwinamie nani?" Fundi akatiwa gerezani.

Fundi wa pili akawaza kwamba ikiwa kuinama ni kosa, basi kuinuka ni thawabu, akafunga usukani mrefu kama pembe za ng'ombe. Mikono ya Sultani ikawa juu ya kichwa, mfano wa mtu aliyekutana na majambazi njiani. Tena fundi akasahau kwamba usukani ukipanda, nyaya za breki na klachi nazo hutaka kurefushwa. Sultani alipogeuza kushoto nyaya zikakaza, pikipiki ikaenda itakako, ikamtupa matopeni kwa bata wa Waziri. Fundi naye gerezani.

Wa tatu, jina lake Haroub, hodari wa kufua chuma kuliko wote, akaambiwa afanye usukani mpana kuliko wa raia yeyote. Akaufanya. Ukakwama kwenye mlango wa kasri, kwani mlango ule babu wa Sultani aliujenga mwembamba makusudi, ili adui waingie mmoja mmoja. Adui hawakuja kamwe, lakini mjukuu alinasa siku nzima. Haroub akawafuata wenzake. Mimi msimulizi ningekuwa fundi siku hizo ningejilaza kitandani na kusema nina homa.

Hapo Waziri Fumo, mwenye wale bata, akasogea akasema, "Ee Bwana wetu, si adabu raia kuwa na usukani na Sultani hana. Zifunguliwe sukani zote za mji, ziwekwe ghalani, mpaka wako utakapopatikana." Neno likampendeza Sultani. Askari wakapita nyumba kwa nyumba na spana, na kabla jua halijatua pikipiki zote za Kisimachungu zilikuwa zimesimama vipofu. Wagonjwa wakabebwa kwa vitanda, maziwa yakachachia kwenye makopo, na watu wakalaani kwa sauti ya chini.

Sasa katika mji huo palikuwa na fukara mmoja aitwaye Ngwali. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa ukimwambia jambo yeye hulifanya kama lilivyosemwa. Hakuwa na kitu duniani isipokuwa mkewe Mize, mwanawe Kombo, na pikipiki kuukuu aliyoitumia kubeba abiria. Pikipiki ikisimama, chungu nacho husimama.

"Baba Kombo," Mize akamwambia, "chungu kiko kifudifudi tangu juzi. Mtoto amelala na uji wa jirani. Wewe umekaa unatazama pikipiki isiyo na kichwa, itakuzalia?"

"Mke wangu, nafikiri."

"Basi fikiri upesi. Fikra hazipikwi."

Ngwali akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka kasri, akainama mbele ya Sultani. "Bwana wangu, usukani wako nitauleta mimi."

Sultani akamtazama kanzu yake yenye viraka, akasema, "Ewe Ngwali, sikia masharti. Nisiinamie kitu. Nisiinue mikono kama mtu aliyeshindwa vita. Uwe mpana kuliko wa raia yeyote, na upite mlango huu pasipo kubomolewa hata jiwe. Na usinipime, wala usiniguse."

"Nimesikia, Bwana."

Waziri Fumo akadakia, "Na akishindwa, pikipiki yake iyeyushwe ifuliwe majembe."

Ngwali moyo ukampasuka, maana pikipiki ile ndiyo ilikuwa mikono yake na miguu yake. Lakini neno lilikwisha kumtoka. Akasema, "Na iwe hivyo. Nitakuja Ijumaa baada ya sala."

Ijumaa ikafika, na uwanja wa kasri ukajaa watu, wengine kumwombea dua Ngwali na wengine kutazama atakavyolia. Pikipiki nyekundu ilikuwa katikati, bila usukani. Mara Ngwali akatokea, hana spana wala nyundo, ila amebeba begani muwa mmoja mzima, mrefu, mweusi, mnono, alioukata nyuma ya jiko lake panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Kiunoni alikuwa amechomeka kipande kingine kifupi, kamba, na panda mbili za mti.

Waziri akacheka mpaka kilemba kikamwinama. "Ngwali! Umeitwa kwenye karamu?"

"Mkono mtupu haulambwi, Mheshimiwa," akajibu Ngwali. "Huu ni zawadi ya Bwana, tena ndio usukani wenyewe. Bwana apande kiti chake, aupokee kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, aushike kama apendavyo."

Sultani alikuwa na udhaifu mmoja uliojulikana mji mzima: muwa. Akapanda pikipiki, akaupokea. Kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, kwanza akauinua juu kama bendera. Ngwali akaketi chini, akatoa kile kipande kiunoni, akaanza kutafuna.

"Ewe Ngwali, wafanya nini?"

"Nangoja, Bwana."

"Wangoja nini?"

"Mikono yenye fahari husema uongo, Bwana wangu. Nangoja ichoke, iseme kweli."

Muwa ulikuwa mzito. Mikono ya Sultani ikashuka kidogo, akaikaza. Ikashuka tena, akaacha. Akaona aibu kuushusha mpaka mapajani, kwa hiyo ikatulia yenyewe pale inapotulia mikono ya mtu asiye na haja ya kuonyesha lolote: viwiko vimelegea, mabega yamepumzika, mgongo umenyooka. Usoni akawa kama mtu aliyekaa barazani kwake. Ngwali akaruka. "Hapo hapo, Bwana wangu! Usisogee!" Akasimamisha zile panda mbili juu ya shingo ya pikipiki, akaufunga muwa kwa kamba pale pale ulipokuwa, pasipo kumgusa Sultani hata ukucha.

"Sikuinama," akasema Sultani kwa mshangao. "Wala sikuinua mikono."

"Wala hakuna raia mwenye usukani mrefu kama huo," akasema Ngwali.

Askari wakaisukuma pikipiki taratibu mpaka mlangoni. Ko! Ncha za muwa zikagonga mawe huku na huku. Watu wakashika vichwa. Waziri akang'aa uso. "Umekwama! Leteni tanuri!"

Sultani akageuka mwekundu. "Ngwali, umenikwamisha kama Haroub!"

"Bwana wangu," akasema Ngwali, huku akiiona pikipiki yake tayari imekuwa majembe, "mlango ni wako na muwa ni wako. Kimoja lazima kipungue. Mlango ni jiwe. Muwa ni mtamu."

Sultani akautazama mlango, akautazama muwa. Harufu ilikuwa imemfika puani tangu zamani. Akaangalia kushoto na kulia, askari wakajifanya wanatazama mawingu, naye akainamisha kichwa upande, akaimenya ncha ya kulia kwa meno, akatafuna. Sharubati ikamchuruzika ndevuni. Akasahau kwamba ana raia.

"Na kushoto pia, Bwana," akanong'ona Ngwali. "Usukani usiolingana humpeleka mtu asikokutaka."

Sultani akala na kushoto. Pikipiki ikasukumwa, ikapita mlangoni sawasawa, na muwa ungali mpana kuliko usukani wa raia yeyote, na watu wakapiga vigelegele mpaka bata wa Waziri wakakimbia.

Hapo Sultani akaamuru Haroub atolewe gerezani. Haroub akaweka chuma sambamba na muwa, akakifua, akakikata palipoishia muwa. Akaufunga usukani mpya, akaugeuza kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, akaangalia nyaya zisikaze na vidole gumba visibanwe na tangi. Na kwa kuwa muwa ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake, Sultani aliyekaa kivulini akautaka, akaumaliza, akatema makapi miguuni pake. Kisha akapanda, akawasha, akazunguka uwanja, akatoka mlangoni akarudi, mgongo umenyooka na uso unacheka kama wa mtoto aliyepewa kitumbua.

Lakini Waziri Fumo hakupenda. Akapiga magoti akasema, "Ee Bwana wetu, umechezewa! Chuma hakiwezi kukuenea hivi pasipo kipimo. Mpumbavu huyu amekupima hadharani kama maiti, na ulimkataza. Pikipiki yake iyeyushwe!"

Sultani akakunja uso. "Ngwali, ni kweli umenipima?"

"Bwana wangu, mimi nilifunga muwa. Sikukushika wala sikukuwekea kamba."

"Muwa ulikuwa kipimo!" akapaza sauti Waziri.

"Basi Mheshimiwa aulete mbele ya Bwana," akasema Ngwali, "tuutazame kama una alama ya kipimo."

Waziri akageuka huku na huku. Akatazama pikipiki, akatazama pale Haroub alipofulia chuma, akatazama chini. Hakuona ila makapi.

"Uko wapi huo muwa?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu," akasema Ngwali akiinamisha kichwa, "ulioutaka ulikuwa usukani mpana kuliko wa raia wote, nao umeupata. Umbo la ule muwa liko pale juu ya pikipiki, limekuwa chuma. Muwa wenyewe, pamoja na kipimo kama kilikuwapo, uko tumboni mwako. Mheshimiwa Waziri akitaka ushahidi, na aingie autafute."

Sultani akatazama makapi. Akatazama tumbo lake. Kisha akacheka, akacheka mpaka akalazimika kuushika usukani asianguke, na ukamshika vizuri. Waziri naye akajitia kucheka, lakini Sultani akamwambia, "Wewe Fumo, asiyekubali kushindwa si mshindani. Funguo za ghala unazo wewe. Utazibeba sukani za watu kwa bega lako, nyumba kwa nyumba, na utazifunga kwa mkono wako, mpaka kila mwenye pikipiki akuambie usukani umemkaa."

Mafundi wote wakaachiliwa. Ngwali alipoulizwa anataka zawadi gani akasema, "Bwana wangu, niwe wa kwanza kufungiwa."

Basi jioni ile Mize akatoka jikoni akamkuta Waziri wa Kisimachungu amepiga magoti uani, kilemba pembeni, anakaza nati kwa spana, na Ngwali amekaa juu ya pikipiki amefumba macho, amenyoosha mikono.

"Umekukaa?" akauliza Waziri, jasho likimtiririka.

"Bado, Mheshimiwa," akasema Ngwali. "Nangoja mikono ichoke."

Hekaya inateremkia hapa. Ukiipenda mpelekee na jirani, na usipoipenda nirudishie mwenyewe, nina pa kuipeleka.