Albamu ya Mbu wa Umeme

Mcheza kwao hutunzwa. Maana ya methali hii ni kwamba anayeonyesha ufundi wake mbele ya watu wake hapotezi jasho lake, kwa kuwa wao wanaujua mchezo wake tangu ulipokuwa ukitambaa. Radi, fundi wa majokofu, aliisikia mara nyingi kinywani mwa shangazi yake. Iliingia sikio hili ikatokea lile.

Radi lilikuwa jina la utani, na alilistahili. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi alasiri, alipiga gitaa la umeme katika chumba cha nyuma cha karakana ya shangazi, kati ya makochi yaliyochunwa vitambaa na magunia ya sponji. Mdogo wake, msusi, alipiga ngoma. Binamu yao, seremala mkimya kama gogo, alipiga besi. Muziki wao ulikuwa roki iliyopandwa na wazimu. Gitaa lililia kama msumeno, sauti zilikwenda kinyumenyume, na wimbo mmoja ulichukua dakika kumi na moja kusimulia ndoto za jokofu.

Majirani hawakunyamaza.

"Leo mnaburuta mabati au mnayachinja?" fundi cherehani aliuliza dirishani.

Mwalimu mstaafu wa ghorofani ndiye aliyewabatiza Mbu wa Umeme. Kwa hasira, Radi akalichukua jina hilo na kuliandika kwenye jalada la albamu yao ya kwanza.

Albamu ilipokamilika, shangazi alishauri izinduliwe uani kwake.

"Mbele ya hawa, shangazi? Hawa wanaotuombea umeme ukatike?"

"Mwanangu, hawa ndio walioisikia."

"Walioivumilia."

Radi akakodi ukumbi katikati ya mji. Mdogo wake alikubali kwa sharti moja.

"Dada, nimechoka kuzipigia kuta. Watu wasipoipokea, naweka vijiti chini. Moja kwa moja."

Radi alijua kwamba bila mdogo wake hakuna bendi.

Siku ya uzinduzi, watu thelathini walikaa wamefumbata mikono kama wanaomngoja daktari wa meno. Kufikia wimbo wa tatu, walianza kutoka mmoja mmoja. Radi aliiona migongo yao. Walipofika kwenye "Ndoto za Jokofu", aliyaruka makelele yote ya katikati na kuukatisha wimbo. Mtu mmoja tu alibaki hadi mwisho, naye alikuwa na funguo za ukumbi mkononi. Mdogo wake alivitumbukiza vijiti ndani ya mkoba, chini ya vitana.

Kesho yake Radi alimeza kiburi, kichungu kama shubiri. Alimwomba mdogo wake alasiri moja tu ya mwisho. Kisha akabisha hodi mlango kwa mlango kuwaalika majirani uani kwa shangazi.

"Jumapili mnaanza saa ngapi?" fundi cherehani aliuliza. "Nataka kufunga duka mapema."

"Ukimbie?"

"Niwahi kiti cha mbele."

Radi alidhani ni kejeli.

Jumapili ua ulijaa pomoni. Watu walikalia hata makochi yasiyo na sponji. Nyimbo za mwanzo zilikwenda salama, vichwa vikitikisika. Ilipofika zamu ya "Ndoto za Jokofu", Radi aliikumbuka ile migongo ya mjini, akayaruka makelele tena. Fundi cherehani akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani. Mmeruka."

Muziki ukasimama. "Tumeruka nini?" Radi aliuliza.

"Pale jokofu linapozimika, likatetemeka, kisha likawaka kwa ghadhabu," mwalimu mstaafu alifafanua. "Ndipo penye utamu. Miaka miwili nakunywa chai yangu nikipangojea."

"Lakini mlikuwa mkilalamika."

"Kulalamika ni kulalamika, na wimbo ni wimbo," fundi cherehani alijibu. Akavuta pumzi, akaanza kuunguruma. Mwalimu akadakia kwa kutetemesha midomo. Shangazi akaingia na ile sauti ya msumeno, bila kukosea hata pumzi moja. Punde ua mzima ulikuwa jokofu moja kubwa, bovu, lenye furaha.

Walipofika mahali ngoma inapoingia, wote walinyamaza ghafla na kumgeukia msusi, mabega juu, wakisubiri. Yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavishusha vijiti kwa nguvu zake zote. Radi akamfuata. Wimbo wa dakika kumi na moja ukachukua ishirini.

Ndipo watu walipoinuka kuwatunza. Fundi cherehani alimvisha mpiga ngoma kitambaa cha zambarau. Mwalimu alimvalisha Radi kofia yake mwenyewe. Binamu, aliyejaziwa karanga mifukoni, alitamka sentensi yake ya kwanza tangu asubuhi: "Kumbe hata besi waliisikia."

"Dada," mdogo wake aliuliza huku akihema, "albamu ya pili tunaianza lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi mbali. Kesho."

Radi alimtazama shangazi yake, aliyekuwa bado akilia kama msumeno, akakiri kimoyomoyo kwamba mcheza kwao hutunzwa.