Mfuko wa Tusekile

“Blanketi haliwashi moto, hutunza uliopo.” Mmemsikia mama wa bibi harusi akimwambia mkwewe maneno hayo, mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Kaeni niwaambie methali hii ilikoanzia.

Tusekile alirudi kutoka mjini na mifuko miwili ya kulalia, myepesi, kila mmoja ukikunjwa unakuwa kama mkate. Walikuwa wanapanda kwenda nyanda za juu za Kitulo, yeye na mdogo wake Ambonisye, kuchimba viazi vya mama yao na kulala shambani kwenye hema. Mama akawapa ngozi za kondoo za kutandika chini.

“Za nini mzigo huo, mama?” alisema Tusekile. “Mifuko hii inatosha.”

Ngozi zikabaki nyumbani.

Ulikuwa mwezi wa Juni, majira ya sakitu, umande unapoganda juu ya nyasi. Jioni hiyo manyunyu yalianguka. Tusekile alikula viazi vya moto, akavaa soksi kavu, akajifungia katika mfuko wake. Ambonisye alibaki nje akifunika viazi visiharibiwe na baridi. Alipoingia alikuwa amelowa, meno yanagongana.

“Dada, niende kwa Mzee Sanga nikaote moto? Nyumba yake ile pale.”

“Umeanza kudeka. Ingia tu, mfuko utakupasha.”

“Na chakula?”

“Kimeshapoa. Utakula kesho.”

Tusekile alikuwa amepata joto, akaona uvivu kuamka. Ambonisye hakuwa mtu wa kubishana na dada yake. Akaingia alivyo, na soksi zake mbichi, na njaa yake, juu ya ardhi tupu.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Tusekile alimwita mdogo wake, naye akamjibu kwa sauti nzito kama ya mlevi. Alipomvua soksi, vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe, vigumu, havina hisia. Alimbeba mgongoni hadi kwa Mzee Sanga huku akilia.

“Baba, mifuko ni ile ile! Mimi nimelala vizuri. Kwa nini yeye?”

Mzee alimfunika Ambonisye, akampa uji, ndipo akajibu.

“Wewe uliingia na moto wako, mwanangu. Yeye aliingia na nini? Blanketi haliwashi moto, hutunza uliopo.”

Hospitali walimkata vidole vitatu. Alikuwa amekwisha kuchaguliwa kwenda jeshini. Wakamrudisha kwa sababu ya kuchechemea. Hakumlaumu dada yake hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Tusekile kuliko lawama. Mpaka uzeeni, kila baridi ilipoingia, alikwenda kwa mdogo wake kabla jua halijazama.

“Umekula?”

“Nimekula, dada.”

Hakuamini mpaka afunue chungu.

Basi, huyo bwana harusi ameoa vizuri, na nyumba ni nzuri. Lakini asidhani nyumba itampenda mkewe badala yake. Blanketi haliwashi moto, hutunza uliopo.