Muuguzi Aliyeandikishwa Mpiga Ngoma

Hapo zamani, na msikilize vizuri maana mwisho nitawauliza, nchi ya Ulelema ilikuwa na jeshi la watu mia nane na zahanati iliyofungwa kwa kufuli. Tabibu wa jeshi alistaafu, hakuja mwingine. Askari akiumwa tumbo aliambiwa akimbie mizunguko mitatu. Akiumwa mguu, mizunguko mitatu vilevile.

Habari hizo zikamfikia Nyamizi, muuguzi wa miaka kumi na minne kazini. Huyu alisomea kupima, kutibu na kuandika dawa mwenyewe bila kumsubiri daktari. Akafunga vyeti vyake kwenye kanga, akaenda kambini kujiunga na jeshi.

Mezani akamkuta karani Kalunde, mama mtu mzima aliyejaza fomu kwa miaka ishirini bila kufuta hata neno moja.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, mama. Ni muuguzi. Lakini natibu."

"Fomu ina nafasi mbili, mwanangu. Daktari, na asiye daktari."

"Basi niandike pembeni: muuguzi anayetibu."

"Pembeni hapaandikwi."

Kalunde akatazama orodha. Asiye daktari aliyehitajika siku hiyo alikuwa mpiga ngoma. Akaandika: mpiga ngoma.

Nyamizi akavishwa ngoma iliyomficha hadi kidevuni. Mkufunzi wake alikuwa Sajenti Shigela, mtu mwenye mikono mirefu ajabu. Siku moja askari akazimia juani. Nyamizi akaweka ngoma chini.

"Kuruta! Unakwenda wapi?"

"Kumtazama mgonjwa, afande."

"Mpiga ngoma hatazami wagonjwa. Piga ngoma!"

Akapiga. Mgonjwa akashtuka kwa kelele, akaamka, na Sajenti akaandika kwenye ripoti kwamba ngoma ni dawa.

Ikafika siku ya gwaride kuu. Jemadari Luhende, mtu mnene kuliko wote kambini, aliliongoza jeshi kwa filimbi. Mlio mmoja, songa mbele. Kusimama, alitamka kwa mdomo wake, na amri ya mtu mwingine haikufuatwa. Siku hiyo akapiga miayo filimbi ikiwa mdomoni. Ikazama, ikakwama kooni.

Akavuta pumzi: fiii! Jeshi likasonga mbele. Akatoa pumzi: fiii! Jeshi likasonga mbele. Akataka kusema "simameni", ikatoka fiii! Na mbele yao palikuwa na bwawa la matope lililowahi kumeza ng'ombe na pembe zake.

"Mimi naweza kuitoa!" Nyamizi akapaza sauti.

"Basi itoe!" Sajenti akamjibu.

"Siitoi. Sheria inasema asiyeandikwa kuwa anatibu akimgusa jemadari apigwe risasi, na walinzi wake wale pale wameshanilenga. Leteni fomu yangu irekebishwe kwanza."

Fiii! Safu ya kwanza ikaingia matopeni hadi magotini. Kalunde akaja mbio na fomu.

"Futa, mama!"

"Nafuta, mwanangu, usinihimize, sijazoea!"

Fiii! Hadi kiunoni. Kalunde akafuta neno, akaandika pembeni, pale pasipoandikwa: muuguzi anayetibu. Walinzi wawili wakaisoma fomu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, kisha wakashusha bunduki. Fiii! Hadi kifuani.

Nyamizi akamwinamisha Jemadari, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Filimbi ikabadilisha sauti tu. Akataka kumkumbatia kwa nyuma ili amkamue tumbo, lakini mikono yake haikukutana.

"Afande Shigela! Njoo na mikono yako!"

"Mimi? Nimkumbatie Jemadari mbele ya jeshi? Fomu yangu haisemi hivyo. Nina mke, nina binti."

Akatazama bunduki, zikainuka. Akatazama bwawani, akaona vichwa vya vijana aliowafunza mwenyewe. Akaenda. Walinzi wakasita, wasijue watampigaje risasi bila kumpata Jemadari.

"Kunja ngumi, iweke juu ya kitovu," Nyamizi akamwelekeza. "Vuta ndani, kisha juu. Kwa nguvu!"

Akavuta mara ya kwanza: fiii! Akavuta mara ya pili: fi! Mara ya tatu filimbi ikaruka, ikaanguka majanini.

"Simameni!" Jemadari akanguruma. Jeshi likasimama. Safu ya kwanza ilikuwa matopeni hadi kidevuni, na ikapiga saluti.

Walipokwisha kuvutwa kwa kamba, Jemadari akasema, "Natimiza ombi moja. Moja tu, la yule aliyeniokoa. Ni nani?"

Nyamizi akasema, "Ni mimi. Bila ujuzi wangu wangekushangaa mpaka ukate roho. Naomba zahanati ifunguliwe, watu waache kutibiwa kwa mbio."

Shigela akasema, "Ni mimi. Yeye alisubiri karatasi watu wakizama. Mimi nilikwenda bila karatasi, bunduki zikinitazama. Miaka tisa sijafika nyumbani. Binti yangu nilimwacha anatambaa. Naomba likizo."

Kalunde akasema, "Ni mimi. Ningekataa kufuta, huyu angepigwa risasi na filimbi ingebaki. Naomba fomu mpya yenye nafasi ya tatu, wauguzi wajao wasipewe ngoma."

"Lakini ngoma ulimpa wewe!" Shigela akafoka.

"Na wewe ulimkataza kumtazama mgonjwa!"

"Na huyu naye alituwekea masharti!"

"Ningekufa bure," Nyamizi akasema taratibu, "nani angeitoa?"

Jemadari akawatazama mmoja mmoja, akakuna koo, akaanza tena kwa wa kwanza.

Basi nanyi mmesikia kama nilivyosikia mimi, na ombi ni moja, haligawanyiki. Mwenye kujua, mwenye kuthubutu, na mwenye kufuta: nani alistahili kupewa?