Ngoma za Kumtafuta Kalunde

Niwape kisa, nisiwape? Semeni "Tupe!" Haya, pokeeni, na anayetafuna muwa auweke chini, maana kisa hiki hakina vicheko.

Zamani hizo, wajukuu wangu, zamani ambazo chumvi haikununuliwa dukani, palikuwa na kijiji kiitwacho Bwela. Hapo Bwela palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi. Wanawake wakiteka, wakichemsha, wakikoroga. Wakiteka, wakichemsha, wakikoroga, tangu jua kuchomoza hadi migongo kugoma. Mmoja wao alikuwa Nyamizi, mjane, na Nyamizi alikuwa na binti mmoja tu, Kalunde, wa miaka saba.

Kalunde hakuwa akisema. Ukimwita, hageuki. Ukimshika ghafla, analia kana kwamba umemchoma. Na kelele, wanangu, kelele zilimuumiza kabisa. Akisikia ngoma huziba masikio na kukimbia asijue aendako. Wewe unayecheka hapo nyuma, cheka umalize, nitakungoja.

Umemaliza? Haya.

Watu wa Bwela walisema mengi. Kuna waliosema mama yake alikula kilichokatazwa akiwa na mimba, na waliosema ni laana ya ukoo. Nyamizi aliyasikia yote, maana vinywa vya Bwela havikuwa na mlango. Lakini yeye alijua jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: akikwaruza mwiko taratibu ndani ya chungu kitupu, kwaru, kwaru, Kalunde huja. Popote alipo, huja, akaketi ubavuni kwa mama yake, akatulia.

Siku moja mchana Nyamizi alimwendea wifi yake, Kabula.

"Wifi yangu, nikalie na mtoto kidogo tu, nikateke maji."

"Na chungu changu nimwachie nani? Huyo hata kuitika abee hajui, nitamwangaliaje?"

"Hana haja ya kusemeshwa, wifi. Kaa naye tu."

"Ah, jaribu kwa wengine."

Akajaribu kwa wengine. Nyumba ya pili, hapana. Nyumba ya tatu, hapana. Nyumba ya nne walimwona akija, wakaingia ndani. Basi akaenda chemchemini na mtoto wake. Akainama kuteka, na alipokuwa ameinama, chungu cha mtu kikapasuka motoni, pwaa! Alipoinuka, Kalunde hayupo.

Sasa ndipo watu wa Bwela walipokuwa wema. Ndiyo, wema, msinitolee macho! Mtoto akipotea, desturi yao ilikuwa kijiji kizima kitoke na ngoma, wapige na kuita jina lake, ili popote alipo ajue anatafutwa. Wale wale walioshindwa kukaa naye kwa muda wa kujaza mtungi mmoja, wote wakatoka. Hata wagonjwa walitoka. Porini kukatetemeka.

Nyamizi akamkimbilia mzee Lugendo, mkuu wa kijiji, akamshika mkono.

"Baba, nakuomba, zinyamazisheni ngoma! Anazikimbia. Niacheni nitangulie na chungu changu, ninyi mnifuate kimya."

"Tangu lini mtoto akatafutwa kimya kimya, kana kwamba tunamwiba?"

"Baba, atakwenda mbali!"

"Uchungu umekuchanganya, mwanangu. Tuachie sisi. Pigeni!"

Wakapiga. Nyamizi akakwaruza mwiko wake, kwaru, kwaru, na ngoma zikaumeza mlio wake. Akawasihi waliokuwa karibu. Wakamshika mabega, wakambembeleza, wakaendelea kupiga. Hawakuwa na ubaya moyoni, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Nyayo ndogo zilionekana mchangani zikielekea mbele. Wao wakisogea, nyayo zinasogea. Wakiongeza ngoma, nyayo zinaongeza mwendo. Mnaelewa? Walikuwa wakimswaga kama mbuzi, na mbele kulikuwa na kinamasi.

Walimwona kesho yake asubuhi, kati ya mafunjo, maji yamemfunika.

Siku ya maziko Bwela nzima ilifika kwa Nyamizi. Wapigaji walikuja na ngoma za maombolezo, kwa kuwa nayo ilikuwa desturi, lakini walisimama uani wameziweka chini, hakuna anayethubutu kuanza. Kabula akapiga magoti.

"Wifi, nisamehe."

"Nilikuomba ukae naye tu," Nyamizi akasema.

Kisha akawageukia wenye ngoma, macho makavu.

"Mbona mmenyamaza? Jana niliwaomba mkakataa. Leo pigeni. Pigeni mpaka mchoke, hazimuumizi tena."

Hakuna aliyepiga. Mzee Lugendo aliketi mavumbini na fimbo yake, na mwanangu alizikwa katika ukimya ambao mama yake aliuomba mtoto angali hai... Mwanangu, nimesema? Nimesema. Basi acheni kunitazama hivyo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa hiyo, wajukuu zangu, akizaliwa kwenu mtoto asiyefanana na wengine, msingoje apotee ndipo muwe wema. Kaeni naye angali yupo. Na mkitaka kumsaidia, mwulizeni kwanza mama yake: huyu huja akisikia nini? Akiwajibu, mfanye alivyosema, si mlivyozoea.

Kisa nimekitua hapa. Kizito, najua. Kibebeni hivyo hivyo, mkalale.