Utunda wa Bi Arusi wa Kandawiri

Mji wa Kandawiri, wenye kuta nyeupe na visima vya maji matamu, ulitawaliwa na Sultani Ghazali bin Murjani, na siku ya harusi ya binti yake aliamuru aitwe mtunga shanga Mwanesha, mjane kijana, aje atunge utunda, zile shanga za kiunoni avaazo bi arusi chini ya nguo, naye Mwanesha akaenda mbio na mwanawe Fumo kifuani, kwani bado ananyonya na hakuna wa kumwachia.

Sultani akasugua pete yake, na papo hapo likatokea jini Sarhani, kichwa kinagusa dari, mikononi sinia la shanga za marijani na feruzi na akiki na kaharabu, nyingine za duara, nyingine bapa, nyingine zenye pembe, nyingine mfano wa mbegu ya boga.

"Ewe mtumwa wa pete, mtimizie fundi haja yake."

"Labeka, bwana wangu. Na sharti langu walijua: utunda ukigeuka baada ya kufungwa fundo, kilichomo mapajani mwa fundi ni changu."

Sultani akatazama pembeni. Mwanesha akamkumbatia Fumo, aliyempakata mapajani, hata mtoto akaguna.

Akaanza kupanga. Akaweka nyekundu ubavuni mwa nyeupe, akapepesa macho, nyekundu imekuwa kijani na nyeupe imekuwa zambarau, akapangua, akaweka manjano, manjano ikawa nyeusi, na kichwa kikamzunguka asijue kama ni shanga zinazogeuka au ni yeye anayerukwa na akili.

"We mwana, hujamaliza tu?" akaingia Bi Kibibi, somo aliyemfunda bi arusi. "Mwenzio kakaa na kiuno kitupu kama mchi!"

"Somo, hizi hapa si nyekundu?"

"Nyekundu ya wapi? Bluu hizo. Umekula nini asubuhi?"

"Yarabi! Mbona mimi sasa naziona kijani?"

Jini likacheka, na Fumo akaangua kilio. Mwanesha akampa ziwa huku machozi yakimdondoka, na mkono wa mtoto ukapenya nguoni, ukapapasa utunda wa mama yake, ukapita shanga hii na hii, ukaishika moja yenye pembe, ndiyo aipendayo, akatulia. Wala hakuiona.

Mwanesha akapigwa na butwaa. Muda wote huo alikuwa akipanga kama mkufu wa shingoni, wa kutazamwa na watu! Utunda nani anautazama?

Akafumba macho. Vidole vikachagua duara, duara, bapa, kisha pembe, kisha mbegu ya boga, tena duara.

"Fumbua macho, bibie," jini likabembeleza, "uone ulivyopendeza."

"Sifumbui ng'o! Somo, fumba na wewe, upapase."

Bi Kibibi akapapasa shanga zote, na fundo likafungwa. Hapo jini likapuliza, na utunda ukawaka bluu, ukawaka dhahabu, ukawaka rangi zisizo na jina.

"Umegeuka!" likanguruma, na kucha zake zikamfikia Fumo.

"Haujageuka! Somo, papasa tena!"

Bi Kibibi akafumba macho, akapita ushanga mmoja mmoja hata mwisho. "Wallahi ni ule ule. Na nikisema uongo, kiuno changu kikauke."

Jini likanywea hata likawa dogo kama mende. Mwanesha, ambaye maishani hakuwahi kumwinulia mtu uso, akamgeukia Sultani.

"Bwana wangu, sharti ulilijua?"

Sultani akainamisha kilemba. "Nililijua, binti yangu. Nilitaka utunda usio na mfano, nikanyamaza." Akavua pete, akamvisha yeye.

Basi bi arusi akaolewa amevaa utunda unaobadilika rangi kila alfajiri, na Mwanesha akapewa nyumba ya ghorofa na shamba la mikarafuu, na baadaye akaolewa na sonara mpole aliyempenda Fumo. Na amri ya kwanza ya Mwanesha kwa jini ilikuwa hii: "Usiguse kamwe kilichomo mapajani mwa mama yeyote."

Nasi tuliosikia tushike hili: mwenye kutaka pambo lisilo na mfano, kwanza aulize litalipwa na mtoto wa nani.