Jina Lililokatwa Chini ya Ukurasa

Walimu mliokaa huku mbele, leo msininunie. Nawapenda, na kusoma nilisomeshwa na ninyi.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi, darasa la saba, mtu wa bidii kweli. Shuleni kwake kitabu kimoja kilisomwa na watoto sita. Siku moja akaperuzi mtandaoni, akakuta notsi za moyo wa binadamu, zimechorwa vizuri mpaka unatamani kurudi shule. Akazichapa, akaenda stesheneri kutoa kopi arobaini na mbili. Lakini kabla ya kuzikabidhi akaomba mkasi, akakata ukingo wa chini, palipokuwa na jina la aliyeziandika na maneno mengine madogomadogo. Juu akaandika jina lake.

Dada wa kopi akashangaa. "Ticha, mbona unakata?"

"Hizi ni za elimu, dada yangu, siuzi. Kitu kikishawekwa mtandaoni ni cha wote."

Je, alikosea kutoa kopi? Mimi si hakimu. Kurasa mbili tatu kwa ajili ya darasa, mara nyingi hata sheria humwachia mwalimu nafasi, na aliyeziandika aliziweka pale zisomwe. Sasa mkasi ulikuwa wa nini? Mnacheka kwa sababu jibu mnalo.

Watoto wakasoma, wakashika. Ukaja mtihani wa majaribio, ukasahihishwa na walimu wa shule nyingine. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Darasa lako limefutiwa mtihani wa sayansi," akamwambia. "Watoto wote arobaini na wawili wamekosea mchoro wa moyo, kosa lile lile, neno kwa neno. Wameibiana majibu. Jumatatu wazazi wanakuja, na watoto wanasimamishwa masomo."

Mwalimu akaomba kuuona ule mchoro. Aliwajua watoto wake, hawakuibiana. Kosa lilikuwa kwenye zile notsi: mshipa unaotoa damu moyoni ulipewa jina la ule unaoingiza. Akinyamaza, heshima yake inabaki, watoto wanaitwa wezi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usijibu haraka.

"Mkuu," akasema, "aliyenakili ni mimi."

Wakazifungua zile notsi mtandaoni, wawili wale. Chini kabisa kulikuwa na jina la mwalimu mstaafu, mama mmoja wa wilaya nyingine, na namba yake ya simu, na maneno haya: *Ukizitumia nijulishe, nikutumie marekebisho.* Mkuu akapiga, akamweleza. Yule mama akacheka mpaka wakacheka nao.

"Ule mshipa? Mbona niliurekebisha mwaka jana! Wote walionipigia niliwatumia. Chukueni, wanangu, fundisheni bure kabisa. Ila jina msikate. Mkikata, kosa langu litarekebishwaje?"

Mkuu akaandika barua, watoto wakarudishiwa mtihani wao. Mwalimu akasimama mbele ya darasa, akawaeleza yote, akawaomba radhi. Na watoto ni watoto, wakampigia makofi.

Sasa tuje kwetu. Mungu ametupa vitu tuvitumie, wala hana choyo nasi. Lakini sisi tunafanya nini? Shamba likistawi, tunasema ni mikono yangu. Mtoto akifaulu, ni akili za ukoo wetu. Tunafuta jina la mtoaji, tunaandika la kwetu, kisha tunashangaa hakuna wa kutusahihisha. Na mkione kitu hiki vizuri: wa kwanza kuumia si sisi wenyewe. Ni wale waliotuamini, wakajifunza kwetu makosa yetu neno kwa neno. Nyumbani kwako ni nani hao?

Leo ukifika, kabla hujala, waambie: hiki nilipewa, na aliyenipa ni fulani. Hutapungua hata kidogo. Utalala vizuri sana.

Nami nianze hapa hapa. Mfano huu mlioufurahia hivi si wangu. Jana nilikuwa nimekaa na karatasi tupu, na mke wangu akanipa wote, tangu mwanzo hadi mwisho, huku anachambua mchele. Anaitwa Aikande. Yule pale, mstari wa tatu, anaficha uso. Asubuhi hii nilipanda hapa mimbarani nikiwa nimekusudia kabisa nisimtaje.