Nguchiro, Kiboko na Pikipiki Iliyokula Jua

"Jamani, paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na nini?"
"Tuambie wewe uliyekuwepo!"
"Sikuwepo."
"Basi tudanganye, lakini tudanganye vizuri!"

Haya. Palikuwa na Nguchiro. Mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, mwepesi zaidi wa hasira. Alikuwa na pikipiki ndogo ya kizamani, kiti kimeshonwa kwa kamba ya katani. Kwa pikipiki hiyo alibeba mgonjwa wa huyu, mzigo wa yule, na mjamzito wa nyumba ya jirani. Ikipita, kijiji kizima kinajua. Tuk-tuk-tuk-tuk! Nguchiro huyo.

Na palikuwa na Kiboko. Huyu alikuwa na dimbwi, na kando ya dimbwi alikuwa na mapipa ya petroli. Hapakuwa na petroli nyingine mahali popote. Ukitaka chupa moja, unaleta debe la mahindi. Ukishalitua, Kiboko anatoa kichwa majini, pwaaa! Anauliza:

"Mafuta ya nani?"
"Yako, Mzee Kiboko."
"Njia ya nani?"
"Yako, Mzee Kiboko."
"Na wewe ni wa nani?"

Hapo kila mnyama huinamisha macho. "Wako, Mzee Kiboko." Hata Nguchiro alisema. Alisema meno yameumana, lakini alisema.

Siku moja nyoka akamuuma Digidigi mguuni. Digidigi alikuwa jirani wa Nguchiro, shoga yake tangu utotoni. Nguchiro akampakia, akamfunga kwa kanga asianguke, akaondoka mbio kwenda zahanati, ng'ambo ya Kilima cha Mchongoma. Tuk-tuk-tuk-tuk. Wakafika katikati ya mlima. Tuk-tuk... tuk... pfff.

Akapiga kiki. Pfff. Akapiga tena. Pfff. Akachomoa mpira wa mafuta, akakinga kiganja. Yaliyotoka yalikuwa na tope, tena na jani la majini. Maji ya dimbwi! Kiboko alikuwa anachanganya petroli na maji anayooga, na mnajua anachofanya humo akiwa anaoga.

Msicheke. Hapa si pa kuchekea.

"Shoga, mguu unawaka," alisema Digidigi.
"Vumilia."
"Sasa siusikii kabisa."
"Vumilia, nakwambia!"

Nguchiro akasukuma. Akasukuma pikipiki na shoga yake juu yake, mawe yanateleza, jua linapiga, kifua kinapanda na kushuka. Walipofika, muuguzi akautazama ule mguu, akautazama uso wa Nguchiro, akatikisa kichwa. Ukakatwa.

Nguchiro hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dimbwini.

"Mafuta yako yana maji!"
Pwaaa! "Mafuta ya nani?"
"Nasema yana maji! Digidigi amekatwa mguu!"
"Amebaki na mingapi?"
"Mitatu."
"Kanga ana miwili na anatembea," alisema Kiboko, akapiga mwayo. "Lete debe, chukua chupa, acha kelele."

Nguchiro akasogea mpaka ukingoni. Alitaka kumrukia amng'ate pua. Lakini angemng'ata wapi, mlima ule wa nyama? Akageuka, akaenda zake, na njia nzima alikuwa anaongea peke yake kama amepandwa na pepo. "Sinunui tena. Wallahi, sinunui tena hata tone!"

Bondeni kulikuwa na bajaji ya umeme iliyopinduka ikaachwa na wenyewe. Nguchiro akaiendea. Akafungua mota. Akafungua betri. Akakata nyaya, akazizungusha shingoni, akavibeba vyote kwao. Kisha akaigeukia pikipiki yake mwenyewe. Akafungua nati, akatoa injini. Akafungua nati, akatoa tangi. Akafungua nati, akatoa bomba la moshi, akalitupa kwenye migomba, ngwaaa!

"Shoga, utaiua," alisema Digidigi, ambaye sasa alikuwa amerudi, ameegemea mlango kwa miguu yake mitatu.
"Ishakufa siku ileile. Njoo unishikie hapa."

Digidigi akashika. Mota ikakaa palipokuwa na injini, betri zikakaa palipokuwa na tangi, mnyororo ukavutwa mpaka gurudumu la nyuma. Nguchiro akaunga nyaya kwa pupa, kwa hasira, bila kutazama rangi. Tshaaa! Cheche, moshi, na manyoya ya mkono yakaungua. Akatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

"Sasa umemkomoa nani?" Digidigi alimuuliza. "Kiboko yuko majini, wewe ndiye unaungua. Unga polepole."

Nguchiro akazifungua nyaya. Akaunga polepole. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Paneli ya sola iliyokuwa juu ya paa lake akaiunganisha na betri, akangoja zijae. Akapanda, akazungusha mkono wa moto kwenye usukani. Ziiiii! Pikipiki ikatoka uani kama mshale, bila moshi, bila harufu, bila tuk-tuk. Kuku waliokuwa njiani hawakuisikia. Waliiona tu imeshapita.

Tangu hapo Nguchiro hakuonekana dimbwini. Kiboko akangoja debe lake. Halikuja. Akangoja tena. Halikuja. Akatoka majini, dudu-dudu-dudu, ardhi ikitikisika, akasimama uani kwa Nguchiro.

"Pikipiki yako haili kwangu. Inakula wapi?"
"Inakula jua, Mzee Kiboko."

Kiboko akatazama juu. Alilitazama jua kama ndiyo kwanza analiona.

"Jua la nani?"

Nguchiro alihisi hasira ikimpanda kooni. Akaimeza. Akainamisha macho kama zamani.

"Ndilo linalonisumbua, Mzee. Halina mwenyewe. Ni la atakayekaa juu ya Kilima cha Mchongoma tangu linapochomoza hadi linapozama, asijifunike hata kwa jani. Nilipanga niende kesho, mimi maskini, nikalichukue."
"Wewe?"
"Mimi. Wewe usiende, Mzee. Ngozi yako imezoea maji, jua litakuunguza. Nakwambia kweli kabisa, usiende."

"Ahaa! Unanitisha ili ulichukue wewe!" Kiboko akacheka, hwa-hwa-hwa. "Nitakwenda mimi. Na jua likiwa langu, kila unapochaji, madebe mawili!"

Asubuhi kabla hakujapambazuka, Kiboko akapanda mlima. Jua likachomoza. Akaketi kifua mbele. Likapanda. Akajikuna. Likapanda tena. Ngozi ikaanza kulia, kwa! kwa! kama udongo wa kiangazi.

"Wewe jua!" alinguruma. "Mimi ndiye mwenyewe! Nakuamuru upungue!"

Jua halikupungua.

Huku chini wanyama walikuwa dimbwini. Walipindua mapipa, moja baada ya jingine, na kila pipa walilopindua lilimwaga vyura.

Adhuhuri ilipofika, ziiiii! Nguchiro akatokea mlimani na mtungi wa maji. Kiboko alikuwa amelala ubavu, ngozi imepasuka, jasho linamtoka jekundu.

"Maji," alisema. "Binti yangu, maji."
"Mimi si binti yako. Chupa ya siku ile ya Digidigi ilikuwa na petroli kiasi gani?"
"Nipe maji kwanza..."
"Kiasi gani?"
"Nusu," alinong'ona Kiboko. "Nusu yake ilikuwa maji."

Nguchiro akauinua mtungi. Nusu akaimwaga ardhini, taratibu, huku Kiboko anatazama vumbi linavyokunywa. Nusu akamwekea mbele ya pua.

"Na wewe chukua nusu."

Kiboko akanywa, akajiviringisha kuteremka mlima, gubu-gubu-gubu, mpaka majini. Pwaaa! Ndiyo maana hadi leo mchana anajificha majini, pua tu ndiyo iko nje, na akitoka juani humtoka jasho jekundu. Akitaka kula, hungoja giza liingie.

Wanyama wakapiga vigelegele. Wakaja uani na pikipiki zao wafundishwe kuunga nyaya. Nguchiro akawafundisha wote, lakini hakucheka nao. Hasira ilikuwa bado ipo. Kiboko alirudi majini kwake, ngozi yake ikapona. Mguu wa Digidigi haukuota.

Hadithi nimeiegesha hapa. Aliyeipenda aipande aende nayo. Asiyeipenda atembee kwa miguu.

"Na funzo?"

Funzo? Funzo ni hili, wanangu: wadogo watulie. Msifungue injini nyumbani, mtaungua vidole. Mkiuziwa maji kwa bei ya petroli, semeni asante, si mmepata cha kunywa? Na mkubwa akitaka jua liwe lake, msibishane naye, ni utovu wa adabu. Mwonyesheni tu njia ya kwenda juu.